STAA, HILO JINA LA TOVUTI NI LAKO AU LA MENEJA?

Wadau, leo nasema tu, atakayenuna anune. Kuna staa mmoja wa Bongo Fleva, jina nalihifadhi, kagombana na meneja wake na tovuti imeondoka na meneja. Mashabiki wanalia eti kaonewa. Nakataa!

Domeini, iwe .com au .co.tz, ni kama laini ya simu: mwenyewe ni yule aliyesajiliwa, sio anayeimba. Meneja akisajili kwa jina lake na barua pepe yake, umemkabidhi nyumba na funguo. Hostingi ni chumba cha kupanga tu, wakikuzingua unahamisha mafaili. Jina likienda, limeenda. Tena hununui milele, unalipia kwa mwaka. Usipolipia, muda wa kulikomboa ukipita linarudi sokoni, yeyote analibeba.

Mtasema "hiyo ndio kazi ya meneja". Sawa, afanye, ila kwa jina LAKO na nywila unayo wewe. Muda wa kupiga picha na gari la kukodi unao, wa kujaza fomu huna?

Hapo hujaonewa, umejitakia. Mnaobisha, fungukeni hapo chini.