Mgeni na Arudi Barazani

Wahenga walisema: Mgeni njoo, mwenyeji apone. Methali hii yaufaa mwarobaini kuliko mti mwingine wowote. Asili yake ni Bara Hindi, na tangu ufike pwani yetu umetupa kivuli, miswaki na majani ya kutibu homa. Jina lake lenyewe ladai kuwa hutibu maradhi arubaini. Nani basi atathubutu kusema mti huu una madhara?

Wenye kuijua misitu wanasema hivyo, na hoja yao yataka kusikilizwa. Mwarobaini ukitoka uani ukaingia msituni humea kwa wingi, ukaisonga miche ya miti ya asili isikue. Hapo ndipo anapoumia popo.

Popo kwetu ni kiumbe cha kutiliwa shaka: si ndege, si mnyama. Hata hivyo kazi yake ni kubwa. Ua la mbuyu hufunguka jioni, na muda wake ni mfupi. Popo ndiye aliendeaye usiku kunywa utamu wake, akabeba chavua kutoka mti hadi mti. Mkuyu nao humlisha, naye huzipeleka mbegu zake mbali. Ajabu ni kwamba hula pia tunda la mwarobaini na kuziangusha mbegu msituni, akawa ajipandia njaa yake mwenyewe. Kwani mwarobaini una msimu wake, na ukipita hauna kitu. Bali msitu wa miti mbalimbali humpa chakula miezi mingi ya mwaka.

Kwa hiyo kazi ya kujitolea inayotakiwa hapa ni ya kung'oa, nasi tumezoea kuitwa kupanda. Tarehe 13 Novemba 2023 Serikali iliifanya siku ya mapumziko ili wananchi wapande miti, na shabaha ni miti bilioni 15 ifikapo mwaka 2032. Ni jambo jema. Lakini lazima tuulize pia ni mti gani, na unapandwa wapi.

Samaki mkunje angali mbichi. Mche wa mwarobaini hung'olewa kwa mkono, mizizi na yote, mvua ikiisha kulainisha udongo. Mti mkubwa ukikatwa huchipuka tena kisikini, na aliyeukata hana budi kurudi. Hapo ndipo wengi wetu hushindwa: siku ya kwanza twaja na fulana na picha, siku ya tatu hayupo mtu.

Wala asiingie mtu kayani na panga kwa kuwa ana nia njema. Misitu ya makaya, ambayo UNESCO iliiingiza katika urithi wa dunia mwaka 2008, ina wazee wake, na kukata mti humo ni mwiko. Waulizwe wao kwanza. Na popo walalapo wasisumbuliwe.

Mwarobaini wa uani na ubaki, hapana aukataaye. Tunachoombwa ni kumrudisha mgeni barazani, na chumba cha ndani tumwachie mwenyewe.