Unga Mmoja, Milango Mitatu



Wiki hii tunaanza kwa kukiri kosa letu. Miezi michache iliyopita, katika darsa ya akina mama baada ya Alasiri, tuliulizwa kuhusu ujumbe uliokuwa ukizunguka kwenye simu. Ujumbe huo ulidai kwamba mafuta ya kisasa ya ngozi yana "nano", na kwamba nano ni sumu inayopenya hadi kwenye damu. Hatukuwa tumesoma lolote juu ya jambo hilo. Hata hivyo tulijibu kwa haraka kwamba lenye shaka liachwe, tukaendelea na somo letu.

Wiki iliyopita mama mmoja aliyehudhuria siku ile alitujia na mwanawe wa miaka sita, mwenye ualbino. Midomo ya mtoto ilikuwa imepasuka, na shingoni mlikuwa na malengelenge yaliyokauka. "Maalim," alisema, "tangu siku ile sijampaka yale mafuta ya kujikinga na jua. Niliona kwenye chupa pameandikwa nano. Lakini mtoto anaungua." Hakutulaumu, alitaka tu kujua afanye nini. Tuliona haya. Tulimwomba ampeleke kliniki ya ngozi siku iyo hiyo, na huko akaambiwa asiache kumpaka. Nasi tukakaa kusoma yale ambayo tulipaswa kuyasoma kabla ya kufungua kinywa.

Nano ni kipimo, si jina la sumu wala la dawa. Milimita moja, upana wa kichwa cha pini, ina nanometa milioni moja. Unywele wa mtu una upana wa nanometa 80,000 hivi. Wataalamu huita nanomata kitu chochote ambacho chembe zake ni kati ya nanometa 1 na 100.

Kwa nini udogo huo uwashughulishe? Chukueni kipande cha halua cha sentimita moja kila upande. Nyuso zake sita zikitandazwa hazifiki ukubwa wa kibiriti. Mkikikata vipande vya nanometa moja moja, halua ni ile ile, haikuzidi wala haikupungua, lakini nyuso zake zote pamoja zitatandaa mita za mraba 6,000, karibu uwanja mzima wa mpira. Kitu hugusana na mwili kwa uso wake. Kwa hiyo unga uliokuwa mpole ukiwa na chembe kubwa waweza kuwa na tabia nyingine chembe zikiwa ndogo mno, wala haitoshi kusema kwamba tumeutumia miaka mingi.

Tuliyoyasoma yametufunza pia kwamba mwili una milango mitatu, na unga mmoja hauna hukumu moja katika milango yote.

Mlango wa kwanza ni ngozi. Mafuta mengi ya kujikinga na jua hutiwa oksidi ya zinki au dioksidi ya titani, madini yanayozuia miale mikali ya jua. Yakiwa ya chembe kubwa humwacha mtu mweupe kama aliyejipaka chokaa. Yakiwa ya nano hayaonekani, na kinga hubaki. Swali ni je, hupenya? Mwaka 2010 watafiti wa Australia walichapisha jaribio walilolifanya na watu 20 katika ufuo wa Sydney. Walitia alama ya kipekee kwenye zinki ya mafuta hayo ili waweze kuitambua, kisha watu hao wakajipaka kwa siku tano. Zinki yenye alama ilionekana katika damu na mkojo, lakini kwa kiasi kidogo sana, chini ya sehemu moja kwa elfu kumi ya ile waliyopakwa. Tena mwili wenyewe huhitaji zinki na huipata katika chakula. Mamlaka ya dawa ya nchi hiyo, TGA, ilipopitia tafiti nyingi, iliona kwamba chembe hizi hubaki katika tabaka la juu la ngozi, lile lililokwisha kufa, na hazifiki kwenye ngozi hai kwa kiasi cha kutisha.

Mlango wa pili ni kinywa. Dioksidi ya titani hiyo hiyo ilikuwa ikitiwa katika peremende, ubani wa kutafuna na mapambo ya keki ili ving'are kwa weupe. Kwenye pakiti huandikwa E171, na sehemu ya chembe zake ni za kipimo cha nano. Mwezi wa Mei 2021 mamlaka ya usalama wa chakula ya Ulaya, EFSA, ilisema haiwezi tena kuihesabu kuwa salama. Haikusema kwamba imethibitika kudhuru. Ilisema haikuweza kuondoa wasiwasi kwamba yaweza kuharibu vinasaba. Mwaka 2022 Umoja wa Ulaya ukaipiga marufuku katika chakula. Kamati ya wataalamu wa FAO na WHO nayo iliupitia ushahidi mwaka 2023, ikaona kwamba kiasi kinacholiwa hakitii hofu. Wajuzi wamehitilafiana, kama wanavyohitilafiana katika elimu nyingine.

Mlango wa tatu ni pumzi, na hapa hofu ina mizizi zaidi. Mwaka 2006 shirika la kimataifa la utafiti wa saratani, IARC, liliiweka dioksidi ya titani katika kundi la vitu vinavyoweza kuwa chanzo cha saratani, kwa sababu ya panya waliovuta vumbi lake jingi. Mwaka 2008 watafiti wa Edinburgh walionyesha kwamba nyuzi ndefu za kaboni za kipimo cha nano, zikitiwa ndani ya miili ya panya, huleta uvimbe unaofanana na ule wa asbestosi.

Mwaka 2006 huko Ujerumani iliuzwa dawa ya kupuliza ya kukinga vioo na bafu, ikiitwa Magic Nano. Katika siku chache watu zaidi ya 90 walipata shida ya kupumua, wengine wakalazwa, na dawa ikaondolewa madukani. Ilipopimwa, haikuonekana chembe yoyote ya nano ndani yake. Jina lilikuwa la biashara tu, na matone mepesi ya kupuliza ndiyo yaliyoshukiwa kudhuru mapafu. Waliolikimbia neno nano hawakujifunza lolote kutokana na mkasa ule. Waliojifunza ni wale waliokuwa waangalifu na vitu vya kupuliza.

Basi tufanye nini majumbani mwetu? Kanuni yetu ya fiqhi ya kutanguliza kuondoa madhara tunaijua. Tulilolisahau siku ile ni kwamba kuacha nako huweza kuwa na madhara, na lazima yapimwe pia. Peremende yenye E171 ukiiacha hupotezi kitu, kwa hiyo iacheni kwa moyo mweupe. Lakini mtoto mwenye ualbino akiachwa bila kinga, jua la pwani yetu humchoma leo na huweza kumletea saratani ya ngozi kesho. Kwake shaka ndogo ya mafuta haiwezi kulinganishwa na yakini ya jua.

Neno "nano" kwenye chupa lisiwatishe. Sheria ya vipodozi ya Ulaya huwataka watengenezaji waliandike ili mnunuzi ajue anachokinunua. Chagueni mafuta ya kupaka kwa mkono, si ya kupuliza, na palipo na kidonda muulizeni daktari kwanza. Kofia pana na mikono mirefu viandamane na mafuta. Poda msiipulize karibu na uso wa mtoto mchanga. Kumbukeni pia kwamba moshi wa udi na wa makaa una chembe ndogo za kipimo hiki hiki. Hatusemi chetezo kizimwe. Tunasema dirisha lifunguliwe, na mwenye pumu na mtoto mchanga wakae chumba kingine.

Mama yule ameanza tena kumpaka mwanawe kila asubuhi kabla ya chuo. Kwa kila aliyesikia jibu letu la siku ile akalifuata, au akampelekea mwenzake: tunalifuta, na tunawaomba mtusamehe. Mfikishieni na yule mliyempelekea.

Wabillahi tawfiq. Tukutane wiki ijayo inshallah.