Jogoo Akikoroma, Kitongoji Kizima Kiamke

Alfajiri moja ya kiangazi, hapa Makutupora, jogoo wangu aliwika kwa sauti iliyokatika. Nilimkuta amenyoosha shingo, mdomo wazi, kifua kikikoroma, na kinyesi cha kijani chini yake. Nikampa vidonge vya antibayotiki vya watu vilivyobaki ndani. Hadi siku ya nne nilikuwa nimezika kuku tisa.

Afisa mifugo alisema ni kideri, ambacho wengine hukiita mdondo. Huletwa na virusi, na virusi havifi kwa antibayotiki. Tiba hakuna, kuna kinga: tone moja la chanjo ya I-2 jichoni, kwa kuku aliye mzima, kila baada ya miezi mitatu. Chanjo hii huvumilia joto, tena hutengenezwa hapahapa nchini.

Kikwazo ni kichupa: kimoja hutosha mamia ya kuku, nami nimebaki na watatu. Basi tuchange. Kitongoji kiweke siku moja, kuku wote wafungiwe tangu usiku, wachanjwe asubuhi. Jogoo wa jirani akiugua, wangu hayuko salama. Kuku hawajui mpaka wa ua.