Unalipa kila siku, lakini umelipa nini?

HESABU ZA BIRERE
Na Furaha Kavira

Wachuuzi na mafundi wa Goma hulipa zaidi ya wanavyosifiwa. Mama muuza sambaza wa soko la Kituku hajalitua beseni vizuri, kijana wa jetoni, zile risiti za ushuru wa soko, amekwisha kusimama mbele yake. Fundi wa simu pale mtaa wa Birere ana karatasi ya usafi, ana ya kibao cha mlangoni, na wiki ijayo ataletewa nyingine. Ukiwauliza kama wanalipa kodi, watakujibu kwamba wanakamuliwa, na hawasemi uongo. Ukiwauliza wamelipa kodi ipi, hapo ndipo maneno yanapokwisha.

Mama mmoja wa soko la Virunga alinionyesha kopo la maziwa ya unga lililojaa jetoni hadi mdomoni, nyekundu, kijani na bluu, nyingine tarehe zake zimefutika kwa jasho la mkono. Ni mtu makini, hatupi hata moja. Lakini zote zile ni ushuru wa meza. Hakuna hata jetoni moja inayohusu kodi ya mapato, na siku afisa wa DGI, ofisi ya kodi za taifa, atakapomwuliza habari za mwaka jana, kopo lile halitamwokoa.

Hapa kwetu milango ya kodi ni mingi. DGI ni ya kodi za taifa: mapato, mishahara, TVA (kodi ya ongezeko la thamani). DGDA, ya forodha, utaikuta mpakani, Petite Barrière na Grande Barrière. DGRAD hukusanya ada za wizara na idara. Jimbo lina ofisi yake ya mapato, na kwa Katiba ndilo lenye kodi ya ardhi na majengo, ya magari, na ya pango analopokea mwenye nyumba (ya mwenye nyumba, narudia, ingawa wapangaji wengi wa Birere huongezewa pango kwa kisingizio hicho hicho). Mji nao una ushuru wa masoko. Kuna agizo lenye nguvu ya sheria, namba 18/004 la tarehe 13 Machi 2018, lililoorodhesha moja baada ya jingine kila kinachoruhusiwa kudaiwa na jimbo na mji. Sijawahi kukutana na mwenye duka aliyeiona orodha hiyo.

Patanti ambayo watu huitundika ukutani karibu na picha ya harusi ni jambo jingine tena. Iliwekewa sheria tarehe 2 Agosti 1979, enzi za Zaire, iwe ruhusa ya raia kufanya biashara ndogo. Ni kibali. Kuwa nayo hakumaanishi kwamba umemalizana na DGI, kama vile leseni ya dereva isivyolipia mafuta ya gari.

Sasa tuje kwenye kodi yenyewe, kwa sababu hapa ndipo mtu mdogo anapoumia bila kujua. Sheria namba 13/006 ya tarehe 23 Februari 2013 iliwagawa wafanyabiashara wadogo katika mafungu mawili. Kwa sheria hiyo, anayeuza hadi faranga milioni 10 kwa mwaka ni wa fungu la chini kabisa, naye hulipa kiasi kimoja kisichobadilika kwa mwaka. Anayevuka hapo lakini hafiki milioni 80 hulipa asilimia 1 ya mauzo akiwa anauza bidhaa, na asilimia 2 akiwa anauza kazi ya mikono au huduma: fundi cherehani, mwenye saluni, mtengenezaji wa mota. Milioni 80 ndiyo pia mlango wa TVA, ile ya asilimia 16 iliyoanza tarehe 1 Januari 2012. Ambaye hajaufikia kwa kawaida hana ruhusa ya kumwandikia mteja TVA kwenye fakitire, na mteja anayeiona hapo ana haki ya kuuliza inakwenda wapi.

Ukisoma haraka utasema sheria ile ni ya huruma. Mwaka 2013 ilikuwa hivyo kweli. Dola moja wakati ule ilikuwa chini kidogo ya faranga 1,000, kwa hiyo milioni 10 zilikuwa karibu dola 11,000. Mwanzoni mwa 2025 dola ilikuwa imepita faranga 2,800, na milioni 10 zilezile zikawa dola 3,500 hivi. Zigawe kwa siku za mwaka. Unapata chini ya dola 10 za mauzo kwa siku. Mama mwenye beseni mbili za samaki anavuka hapo kabla jua halijafika utosini, na hajaongeza hata beseni moja kwenye biashara yake tangu 2013. Faranga ilipopata nguvu kidogo baadaye mwaka 2025, haikurudi hata nusu ya njia. Goma tunanunua mali kwa dola, tunalipa pango kwa dola, tunafikiri kwa dola, lakini sheria inatupima kwa faranga. Hivyo ndivyo mchuuzi anavyopandishwa cheo cha kodi bila kufanikiwa.

Jambo la pili: hiyo asilimia 1 ni ya mauzo, si ya faida. Nimeshawaeleza watu wengi nikaona nyuso zao zinabadilika. Mtu ananiambia, «Mwaka huu sikupata kitu, kwa hiyo sidaiwi.» Unadaiwa. Tuseme umeuza sukari na unga wa faranga milioni 20. Kodi ni 200,000. Kama katika kila faranga 100 za sukari unabakiwa na 3, serikali imechukua theluthi ya riziki yako. Jirani yako muuza vipodozi, anayebakiwa na 30 katika kila 100, analipa asilimia ileile na hahisi chochote. Kwa maoni yangu sheria hii inamwonea muuza chakula, na mbunge anayetafuta kazi ya kufanya angeanzia hapa.

Wengi hufikiri dawa ni kunyamaza. Sheria ya taratibu za kodi, namba 004/2003 ya tarehe 13 Machi 2003, inamtaka mlipakodi ajitangaze mwenyewe. Asipojitangaza, DGI inaruhusiwa kumkadiria, na akishakadiriwa, ni juu yake kuthibitisha kwamba wamekosea. Atathibitisha kwa nini? Kwa daftari ambalo hakuliandika? Afisa atatazama rafu, atahesabu magunia, atauliza umri wa duka, kisha ataandika namba. Hapo ndipo lile neno tunalolijua wote, «tupatane», linapoingia. Anayepatana anadhani amepunguziwa. Alichofanya ni kulipa pesa isiyo na karatasi, na mwakani atarudiwa na mtu mwingine mwenye njaa ileile.

Ibara ya 174 ya Katiba ya 2006 iko wazi: hakuna kodi ila iliyowekwa na sheria. Sentensi hiyo ingebandikwa kwenye kila meza ya soko. Anayekuja kudai mwulize, kwa adabu, ni sheria ipi, ni ofisi ipi, ni kwa mwaka upi, na pesa inalipwa wapi. Afisa wa kweli ana barua ya kazi na hati ya madai yenye namba. Wa uongo hukasirika upesi.

Najua msomaji wangu ananisubiri penye mwiba. Tangu waasi wa M23 na AFC walipouchukua mji mwishoni mwa Januari 2025, utaratibu wa kupeleka kodi benki ulivunjika, kwa sababu benki zenyewe zilifunga milango. CADECO, benki ya akiba ya serikali, ikafunguliwa tena mwezi wa Aprili mwaka uleule chini ya utawala huo mpya, Kinshasa ikiukataa ufunguzi huo, na ukusanyaji ukaendelea. Mwenye duka wa mtaa wa Majengo hakuulizwa anataka kumlipa nani. Alilipa ili afungue mlango asubuhi.

Haya si mageni kwetu. Ile sheria ya 2003 niliyoitaja ilitiwa sahihi Kinshasa wakati Goma ilikuwa bado mikononi mwa kundi la waasi la RCD, lililotutoza tangu 1998. Baadaye nchi iliungana, na sheria ya Kinshasa ikawa sheria ya Goma. Deni la kodi halifi upesi, na anayedai kesho anaweza asitambue alichopokea mwenzake jana. Kwa hiyo ushauri wangu ni mmoja: kila karatasi uliyopewa, na yeyote aliyekupa, iandike tarehe kwa kalamu yako mwenyewe, ipige picha, uiweke pamoja na daftari la mauzo. Ukilipishwa bila karatasi, andika mwenyewe siku, kiasi na cheo cha aliyepokea. Si ushahidi kamili, lakini ni bora kuliko kumbukumbu.

Fomu za kujitangaza zote ni za Kifaransa, tena Kifaransa cha ofisini, katika mji ambao soko lake lote linaendeshwa kwa Kiswahili, lugha ambayo Katiba imeitaja miongoni mwa lugha nne za taifa. FEC na COPEMECO, vyama vya wafanyabiashara, mnao wanasheria na wahasibu. Tokeni kwenye kumbi za hoteli. Chukueni orodha ya 2018 na sheria ya 2013, ziandikeni kwa Kiswahili katika kurasa mbili, mzipeleke Kituku, Alanine, Virunga na Birere, na mseme waziwazi ni kipi mama wa sokoni anadaiwa na ni kipi hadaiwi.