"Si Anatembea Huyu?" Majibu Kuhusu Kipimo cha Mizani kwa Mgonjwa wa Kiharusi

Mgonjwa wa kiharusi akishavuka siku za hatari, mtaalamu wa fiziotherapia huja kumpima mizani ya mwili. Hapo maneno huanza, kwa ndugu waliokaa kando ya kitanda na wakati mwingine kwa watumishi wenzetu. Nayajibu kwa sababu anayeyaamini humchukua mgonjwa wake nyumbani bila kujua ataangukia wapi.

Linalosikika kuliko yote ni hili: "Si anatembea huyu? Mnampima nini tena?"

Anatembea, ndiyo. Anatembea mchana, kwenye sakafu tambarare ya wodi, akitazama mbele. Nyumbani kuna kuitwa nyuma ukageuka ghafla, kuinuka kwenye kigoda, kuinama kuchota maji kwenye ndoo. Kipimo cha Berg, kilichoandaliwa Canada na Katherine Berg na wenzake na kuchapishwa mwaka 1989, kinatumika karibu dunia nzima. Kina kazi 14, kila moja ina alama 0 hadi 4, jumla 56, na hakuna hata moja inayomtaka mtu atembee. Anaambiwa akae bila kuegemea, ainuke, asimame dakika 2, ahame kiti hadi kiti, atazame nyuma juu ya kila bega, ajizungushe mzunguko mzima, asimame mguu mmoja.

Mojawapo ni kuokota kiatu sakafuni. Weka kandambili mbele ya mgonjwa aliyelegea upande wa kushoto, kisha tazama. Uzito wote anauhamishia mguu wa kulia. Goti la kushoto linakaza na kurudi nyuma, mkono wa kushoto unajikunja kifuani. Anashuka taratibu, na vidole vinakoma sentimita 3 juu ya kandambili. Hakuanguka, wala hakuifikia. Hiyo ni alama 2, na ndani yake umeshaona atakavyohangaika na ndoo.

"Hawana mashine, wanakadiria tu kwa macho." Mashine zipo, majukwaa yanayopima jinsi mwili unavyoyumba, na watafiti wanazihitaji. Wodini inatosha kuwa na saa ya kuhesabia sekunde, rula, stuli na viti viwili, kimoja chenye mikono na kingine kisicho nayo. Hatukadirii. Mgonjwa akinyoosha mkono mbele salama kwa sentimita 25 anapata 4, akifika 12 anapata 3, akifika 5 anapata 2. Wataalamu wawili waliofunzwa vizuri wakimpima mgonjwa mmoja, alama zao hukaribiana sana. Kwa hiyo hata kituo cha afya kidogo hakina sababu ya kuacha kupima.

Dai lenye madhara makubwa zaidi linasemwa kwa nia njema kabisa: "Shida ni mguu hauna nguvu. Mpeni mazoezi ya nguvu."

Nguvu ni sehemu tu. Ubongo hupokea habari kutoka macho, sikio la ndani, nyayo na viungo, ukazijumlisha ili mtu ajue amesimama wima au anaelekea kuanguka. Kiharusi kinaweza kuharibu kupokea au kujumlisha huko hata kama misuli inafanya kazi. Ndiyo maana tunamwambia mgonjwa afumbe macho akiwa amesimama, kwa sekunde 10. Yule ambaye nyayo zake hazimpi habari, anayejishikilia kwa macho peke yake, anaanza kuyumba papo hapo. Mara nyingi ndiye huyo huyo ambaye kandambili humvuka mguuni naye akaendelea kutembea bila kujua. Umeme ukikatika usiku yumo njiani kwenda msalani, ukubwa wa misuli ya paja hautamsaidia.

Halafu kuna wagonjwa wanaojisukuma. Hawa ndugu huwaita wakaidi, na inaniuma kila ninaposikia. Mgonjwa amekaa pembeni mwa kitanda, mkono na mguu mzima vinasukuma mwili kuelekea upande uliopooza, na ukijaribu kumnyoosha anakupinga kwa nguvu zake zote. Si ukaidi. Ubongo umepotoka katika kuhisi wima wa mwili, na unapomweka sawa yeye anahisi unamwangusha. Utafiti uliofanywa Ujerumani na Karnath na wenzake, uliochapishwa mwaka 2000, ulionyesha kwamba macho ya wagonjwa hawa bado yanatambua kilicho wima. Kwa hiyo tunamwonyesha mwimo wa mlango, tunamwomba aulinganishe na mwili wake. Ukimpa mazoezi ya nguvu bila kumpima kwanza, unaunenepesha mkono unaomwangusha.

Wapo wenzetu kazini wanaosema: "Akizidi 45 kwenye Berg, yuko salama." Mpaka huo ulitokana na utafiti wa wazee, si wagonjwa wa kiharusi, na hatari ya kuanguka haikatiki ghafla kwenye namba moja, hupungua polepole kadiri alama zinavyopanda. Wawili wanaweza kupata 46 wote, mmoja akapoteza baadhi ya alama zake kwenye kugeuka na mwingine kwenye kusimama mguu mmoja. Hao hawapewi mazoezi yaleyale.

Tena Berg ina mwisho wake juu na chini. Mgonjwa asiyeweza bado kuketi atapata karibu sifuri leo na wiki ijayo, ingawa ameanza kujigeuza kitandani. Kwa huyo tunatumia kipimo cha Wafaransa kiitwacho PASS, cha mwaka 1999, chenye vipengele 12 na alama 36, kinachohesabu hata kujigeuza akiwa amelala. Aliyepata 56 kamili naye anaweza kuanguka sokoni. Huyo tunampima muda wa kuinuka kitini, kwenda mita 3, kugeuka, kurudi na kuketi. Kisha tunamsemesha akiwa anatembea. Watafiti wa Sweden walionyesha mwaka 1997 kwamba wazee wanaolazimika kusimama ili wajibu huanguka zaidi kuliko wanaojibu huku wakienda, na kwa wagonjwa wetu dalili hiyo haifai kupuuzwa.

Na katika kazi zote 14 za Berg hakuna kuchuchumaa, wala kuinuka kutoka mkekani. Kwa hiyo lazima tuulize: choo cha nyumbani ni cha kukaa au cha kuchuchumaa? Anasali akisujudu chini? Anakula wapi? Mtaalamu asiyeuliza hayo amempima mgonjwa kwa ajili ya nyumba isiyo yake.

"Kumsimamisha mapema ni kumuua." Dai hili lina ukweli ndani yake. Utafiti mkubwa wa AVERT, uliochapishwa mwaka 2015 na kuhusisha wagonjwa zaidi ya 2,000, uliona kwamba walioanzishwa mazoezi ya kuinuka ndani ya saa 24 kwa wingi na kwa kasi zaidi hawakufanikiwa kama wenzao baada ya miezi 3. Hilo linatufundisha kwenda taratibu siku ya kwanza. Halituruhusu kumwacha mtu amelala wiki tatu. Kipimo chenyewe huanzia kitandani. Tunapima presha kwanza, tunasimama upande uliolegea, kitanda kikiwa nyuma yake na mkanda kiunoni.

Mwisho husikika "alishapimwa hospitalini," kana kwamba mara moja inatosha. Mwili hubadilika sana katika miezi 3 ya kwanza, na tofauti ya alama moja au mbili peke yake haithibitishi kwamba amepanda au ameshuka. Siku ya kuruhusiwa, ombeni karatasi nzima yenye alama za kila kazi, si jumla peke yake. Mwambieni mtaalamu awaonyeshe zile tatu au nne zilizo chini kabisa, awaeleze zinafanana na shughuli gani nyumbani kwenu na nani asimame upande gani mgonjwa anapozifanya, kisha awaandikie tarehe ya kupimwa tena.