Michezo ya Video: Tungoje Mpaka Lini?

Naishukuru kamati ya Chama cha Kiswahili kwa kunipa ukurasa huu, maana jambo lenyewe baadhi yenu mtaliona la kitoto. Nataka kusema juu ya kungoja mchezo wa video.

Wenzangu wa darasa mwakumbuka. Tarehe 2 Aprili 2025 kampuni ya Nintendo ya Japani ilitangaza Donkey Kong Bananza, mchezo wa kuruka, kupanda na kuvunjavunja, uliotengenezewa mashine mpya ya Switch 2. Ulitoka tarehe 17 Julai. Siku 106! Siku zote hizo sisi kina yakhe tulikuwa tukisimuliana: kwamba watengenezaji ndio wale wa Super Mario Odyssey ya 2017, kwamba gorila yule aweza kubomoa karibu kila ukuta na kuchimba ardhi, kwamba msichana Pauline hukaa begani pake. Hata tulijua kuwa mchezo wa kwanza wa Donkey Kong ni wa 1981, na humo ndimo alimozaliwa Mario, akiruka mapipa. Yote tuliyajua, na hakuna hata mmoja wetu aliyeugusa.

Tungeugusaje? Marekani mashine ilianza kuuzwa dola 449.99, na mchezo wenyewe dola 69.99. Piga hesabu kwa shilingi 129: ni kama 67,000, bado nauli na ushuru. Mwenye pesa hizo za kuchezea mtaani kwetu Malindi mimi simjui. Kwenye kibanda cha gemu tunakokwenda kuna PlayStation ya zamani, na kinachochezwa ni kandanda tu. Unatoa shilingi 20, ukifungwa unampisha mwenzio kiti.

Wazee husema kungoja usichokimudu ni upuuzi. Hapo natofautiana nao kabisa. Kuna kijana darasani kwetu (jina nalificha) ambaye kitabu cha kurasa kumi humshinda, lakini habari za gemu alizisoma akiwa na kamusi mkononi. Hamu si kitu kibaya. Kibaya, naona mimi, ni hamu yote kuishia Japani.

Hebu fikirini mchezo wa namna hii wataka nini: kuta za kukwea, mashimo ya kuruka, milango ya kupenya na mtu wa kukimbizana naye. Nendeni Gede mkaone. Kuta za mawe ya matumbawe zipo, visima virefu vipo, milango yenye matao yaliyochongoka ipo. Kuna Kasri, kuna Msikiti Mkuu, kuna kaburi lililoandikwa mwaka 802 wa Hijria, yaani 1399. UNESCO iliuingiza mji huo katika orodha ya urithi wa dunia mwaka 2024. Na kima je? Hao wenyewe ni mchezo tosha: mgeni akizubaa, ndizi imekwenda.

Si ndoto. Mwaka 2007 Mkenya Wesley Kirinya alitoa Adventures of Nyangi, mchezo wa kompyuta wa msichana anayetafuta vitu vya kale vya Kiafrika. Na programu ya Scratch, ambayo pia ilitoka 2007, ni ya bure, hufanya kazi hata bila intaneti, na kompyuta kuukuu za shule zaiweza.

Kazi ya Chama hiki ni lugha, nayo si ndogo. Vibandani sote twasema "leveli". Tuandike nini? Ngazi? Hatua? Mimi napendelea "daraja", lakini mwenzangu mmoja asema mchezaji atalitafuta daraja la kuvukia mto. Tumebishana wiki nzima hatujapatana.

Kwa hiyo, mwalimu mlezi, kwa heshima zote twaomba ufunguo wa chumba cha kompyuta kila Jumamosi, saa tatu hadi saa tano. Kima tumeshamchora nyuma ya daftari la hesabu. Mkia ndio umezidi urefu kidogo.