Mgeni wa mlimani aliyepewa jembe

Dada yangu wa Bungoma alicheka hadi akafuta machozi kwa leso nilipomwambia kwamba nampeleka mwanawe Mlima Elgon kuvua samaki.

"Ndugu yangu," akasema, "watu wakitaka samaki huenda ziwani. Wewe wapanda mlima?"

Kwake yeye samaki ni ngege, mbuta na omena wanaotoka Port Victoria. Huyu wa mlimani hakumjua.

Ndugu msomaji, pengine nawe humjui. Anaitwa trauti, naye si mwenyeji wa kwetu. Mwaka wa 1905 mlowezi Ewart Grogan alileta mayai ya trauti wa kahawia kutoka Loch Leven, Uskoti, yakatiwa katika mto Gura, milima ya Aberdare. Trauti wa aina ya pili, mwenye mstari wa waridi ubavuni, asili yake ni mito ya magharibi mwa Amerika ya Kaskazini. Naye akafuata miaka michache baadaye. Mnamo 1948 kituo cha kuzalisha vifaranga vya trauti kilianzishwa Kiganjo, karibu na Nyeri. Mito mingine baridi ya nchi ilitiwa samaki hawa, na Suam wa Mlima Elgon ni mmojawapo.

Siku hizo uvuvi huu ulikuwa starehe ya wazungu. Mwafrika aliyeonekana kando ya mto alikuwa mbeba mizigo. Kiongozi wetu, Msabaoti wa makamo kutoka upande wa Endebess, alitueleza kwamba babake alibeba vikapu vya samaki miaka mingi bila kuruhusiwa kushika ufito. Leo mwana ndiye mwalimu, na wageni ndio wanaomfuata nyuma.

Tulitoka Bungoma, tukapitia Kimilili na Kamukuywa, tukalala Kitale. Alfajiri tukashika njia ya Endebess. Mpwa wangu, ambaye anasoma kidato cha tatu na huishi kwangu Nairobi, aliniuliza bila hata kupunguza sauti: "Mjomba, kweli mtu hulipwa kwa kuonyesha watu mto? Mto si unaonekana?"

Kiongozi alisikia. Hakusema neno.

Tulipofika kwenye kijito, kijana alikimbilia ukingoni kutazama. Kiongozi akamshika bega, akamwonyesha vivuli viwili vitatu vikipotea chini ya mawe. "Hao ndio samaki wako," akasema. "Wamekwisha kukuona."

Hapo somo likaanza. Trauti husimama akielekeza kichwa mkondo unakotoka, akingoja chakula kiletwe na maji. Kwa hiyo mvuvi humwendea kutoka nyuma, yaani kutoka chini ya mto, akiinama, na kivuli chake kisianguke majini. Kisha kiongozi akainua jiwe, akaligeuza. Chini yake palikuwa na wadudu wadogo weusi wameshikilia. Akafungua kijisanduku, akachagua nzi wa bandia aliyefungwa kwa nyuzi na manyoya juu ya ndoano, mweusi kama wale wa jiwe. Mvuvi hana nyungunyungu wala unga. Humdanganya samaki kwa kumwiga mdudu anayemla siku ile, katika mto ule.

Kijana alirusha mshipi ukanasa kichakani. Akarusha tena ukamnasa kofia. Baada ya saa nzima maji yakapasuka na ufito ukapinda! Alikuwa trauti mdogo, urefu wa kiganja na nusu. Kijana alitaka kumpeleka kwa nyanyake awe ushahidi, lakini kiongozi akakataa. Alimwambia alowanishe mikono kwanza, maana mkono mkavu huondoa ute unaomkinga samaki na maradhi. Akamshikilia ndani ya maji hadi akapata nguvu, akamwachilia.

Adhuhuri ikanyesha mvua kubwa huko juu. Ilipokatika, kiongozi alitupeleka mahali ambapo vijito viwili hukutana. Kimoja hutoka ndani ya msitu. Kingine hupita kwenye mteremko uliofyekwa na kulimwa hadi ukingoni. Cha msituni kilikuwa kimeongezeka kidogo, lakini mawe ya chini yalionekana. Cha pili kilikuwa rangi ya chai ya maziwa.

"Mvua ni moja," akasema. "Utotoni mwangu nilivua katika vyote viwili. Sasa nimebaki na hiki kimoja."

Akaeleza sababu. Trauti hutaga mayai katika changarawe, na mayai hayo huhitaji maji safi yapite katikati yake. Tope likitanda juu, hayapati hewa, hufa. Tena miti ikikatwa, jua hupiga mto. Maji yakizidi nyuzi 20 hivi, samaki huyu huanza kutaabika, kwani maji ya joto hubeba hewa kidogo.

Wahenga walisema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Trauti amekaa nasi zaidi ya miaka 100, na jembe lake ni hili la kutuambia hali ya maji yetu. Anapotoweka, si starehe ya matajiri peke yake iliyoharibika. Suam huteremka kaskazini hadi bwawa la Turkwel, ambalo tangu 1991 huzalisha umeme unaoingia katika gridi ya taifa. Tope lililomfukuza samaki ndilo linalokwenda kutuama huko. Na kwa dada yangu Bungoma, mto Kuywa unashuka kutoka mlima huohuo.

Kwa kuwa mchana ule hatukuweza kuvua tena, kiongozi alirudisha nusu ya malipo. Nilikataa, akashikilia. "Niliwaahidi siku nzima," akasema. Mpwa wangu aliinama akitazama viatu vyake. Njiani kurudi Kitale hakuuliza tena kama mtu hulipwa kwa kuonyesha mto. Aliuliza ni masomo gani yanayomfaa mtu anayetaka kulinda mito. Nilimjibu kwamba biolojia na jiografia si mwanzo mbaya, lakini asisahau kuwa yule mzee alijifunza kwa kugeuza mawe.

Wazazi wanaopenda kujaribu, tafadhali msiende kwa kuotea. Kuvua trauti kunahitaji leseni ya serikali. Aidha, ndani ya mbuga ya Mlima Elgon, iliyotangazwa mwaka wa 1968, sharti muulize kwanza walinzi wa KWS mnaruhusiwa wapi. Miezi ya Desemba hadi Februari huwa mikavu zaidi. Na mchukueni mwenyeji awaongoze. Pesa anayopata kwa mto ulio safi ndiyo inayompa sababu ya kuulinda.

Tulipofika Bungoma, nyanya alimtazama kijana mikono mitupu. "Samaki yuko wapi?"

"Nimemrudisha mtoni, nyanya."

Nyanya akamgeukia dada yangu: "Weka omena jikoni."